Namna ya Kuisoma na Kuifasiri Takriri ya Kiarabu bila Kuiua

Muulize mwanafunzi wa sekondari, awe Kenya au Tanzania, kwa nini mwandishi amerudia neno. Atakujibu papo hapo: "Ametumia takriri ili kusisitiza." Katika mtihani jibu hilo linampa alama. Siku akikaa mezani na khutba au makala ya Kiarabu anayotakiwa kuileta kwa Kiswahili, halimfai kitu. Ukurasa mmoja utakuwa na marudio ya namna tano au sita, na kama yote ni kusisitiza tu, ataona mwandishi anapiga kelele. Atashika kalamu aanze kukata.

Nami nilikata sana miaka yangu ya mwanzo, nikidhani namsaidia mwandishi. Khutba ya kurasa nane ikawa ya kurasa nne na nusu, hoja zote zimo, hakuna kilichopotea. Iliposomwa mbele ya watu ikapita kama tangazo la mkutano, hakuna aliyeinua kichwa. Nilichokata kilikuwa ndicho hoja yenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu anayesoma Kiarabu kiasi cha kufuata makala, na anayetaka kukileta kwa Kiswahili kikiwa hai. Maneno ya Kiarabu nimeyaandika kwa herufi zetu ili kila mtu ayatamke.

Hatua ya 1: Soma kwa sauti, penseli mkononi

Usifasiri neno hata moja kabla hujausikia ukurasa mzima. Nathari ya Kiarabu ilikua mimbarini na majlisini kabla ya kutua kwenye karatasi, na hata iliyozaliwa kwenye karatasi bado inaandikwa na watu wanaoisikia. Taha Hussein, mwandishi wa Misri aliyepoteza macho utotoni, alikuwa akiimla kazi zake kwa mwandishi, na wengi wanaona kwamba ndiyo sababu sentensi zake zinarudi nyuma, zinajishika, kisha zinasonga tena.

Unaposoma, pigia mstari kila kinachorudi, hata kama ni mwangwi wa silabi tu. Usiamue lolote kwa sasa.

Hatua ya 2: Tenga sarufi na sanaa

Baadhi ya marudio yanatoka kwenye lugha, mwandishi hakuwa na hiari. Mwarabu husema bayni wa baynaka, "baina yangu na baina yako", kwa sababu sarufi inamtaka arudie bayna kila inapofuatwa na kiwakilishi. Kwa Kiswahili sema "baina yangu na yako" na uendelee. Hukuiba kitu.

Kwenye kile wanasarufi wanachokiita maf'ul mutlaq, pale kitenzi kinapofuatwa na nomino ya mzizi wake, enda polepole zaidi. Baka bukaan mariran: alilia kilio kichungu. Mfasiri anayeingia Kizungu hapa hulazimika kuvunja, asema alilia kwa uchungu. Sisi hatulazimiki. Mswahili hulia kilio, hucheka kicheko, hufa kifo kibaya, huota ndoto. Lugha yetu inaupokea muundo huu bila kusitasita, basi uupokee.

Angalia sentensi ya kwanza ya al-Ayyam, kitabu ambacho Taha Hussein anasimulia utoto wake. Anasema juu ya mtoto: la yadhkuru lihadha l-yawmi isman, wala yastatiu an yadaahu haythu wadaahu llahu mina sh-shahri wa s-sana, kisha anarudi, bal la yastatiu..., na kumaliza kwa wa innama yuqarribu dhalika taqriban. Ningeifasiri hivi: "Haikumbuki siku hiyo kwa jina, wala hawezi kuiweka pale Mungu alipoiweka katika mwezi na mwaka, bali hawezi hata kukumbuka wakati maalumu wa siku hiyo, ila anaukadiria makadirio." Kuweka mara mbili, kutoweza mara mbili, kukadiria makadirio. Kila rudio ni mkono wa mtu anayepapasa ukuta gizani, na anayesimulia ni mtu aliyeijua hali hiyo kwa mwili wake. Ukiandika "hakumbuki vizuri ilikuwa siku gani" umetoa habari, ila mkono unaopapasa umeukata.

Hatua ya 3: Tambua kinachorudiwa ni nini hasa

Kinaweza kuwa sauti, uzani, mzizi, neno zima, muundo wa sentensi, au maana yenye nguo mpya. Katika pambizo weka alama ya kila kimoja. Mimi hutumia herufi moja moja.

Sauti ya mwisho ikirudi, hiyo ni saj', kina cha nathari. Al-Hamadhani katika karne ya 10, na baada yake al-Hariri wa Basra aliyefariki mwaka 1122, walijenga maqama zao, visa vifupi vya nathari, juu yake. Uzani ukirudi bila kina, wataalamu wa balagha, elimu ya ufasaha wa maneno, huuita muwazana, na mfano wao wa siku zote ni namaariqu masfufa wa zaraabiyyu mabthutha katika Suratul Ghaashiya: masfufa na mabthutha zina umbo moja ingawa herufi za mwisho kabla ya kituo si moja. (Nachukua mifano ya Qurani kwa sababu msomaji wa Kiswahili anaijua kwa moyo. Siihesabu kuwa nathari ya kawaida. Taha Hussein mwenyewe alisema si shairi wala si nathari, ni Qurani.)

Kurudi kwa mzizi ndiko nikupendako kuliko yote, na mara nyingi tumeshakubeba bila kujua. Tunaposema raha mustarehe tunasema mzizi mmoja mara mbili, raha na aliyeipata. Salama salimini ni hivyohivyo. Bibi aliyeyasema maneno hayo akimuaga mjukuu wake kwenda safari alikuwa anatumia sanaa ileile ya khatibu wa Baghdad, naye hakuwahi kukaa darasa la balagha.

Maneno mawili yenye maana moja yakifungwa kwa "na", kama al-amn wal-aman au ash-shajb wal-istinkar, huo ni mchezo wa maana. Magazeti ya Kiarabu yamejaa jozi hizi. Nazo Kiswahili kinazipenda: mila na desturi, amani na usalama.

Kuna pia itba', neno la pili lisilo na maana likipewa nafasi kwa sababu tu linaitikia la kwanza: hasan basan, shaytan laytan, atshan natshan. Ibn Faris, mwanaisimu aliyefariki mwaka 1004, aliandika kitabu kizima juu ya jozi za namna hii, na amepokea kwamba Mwarabu mmoja alipoulizwa ni za nini alijibu: shay'un natidu bihi kalamana, ni kitu tunachopigilia vigingi vya maneno yetu. Hema halikai bila vigingi. Kwa itba' usitafute tafsiri ya neno la pili. Tafuta kigingi cha kwetu. Shaghalabaghala kina mdundo huohuo.

Hatua ya 4: Uliza rudio linafanya kazi gani

Hapa ndipo neno "kusisitiza" linapovunjika vipande. Nitataja kazi ninazokutana nazo kila wiki.

Kukumbusha mwanzo wa sentensi ndefu. Nabii Yusuf anamwambia baba yake: inni raaytu ahada ashara kawkaban wa sh-shamsa wal-qamara, halafu, raaytuhum li sajidin. "Nimeona nyota kumi na moja, na jua, na mwezi, nimeviona vikinisujudia." Nimeona ya pili inamrudisha msikilizaji kwenye uzi baada ya orodha. Katika makala za siasa utaiona kila mahali, sentensi ya mistari saba ambayo katikati yake kitenzi kinarudi. Kwa Kiswahili huwa naivunja sentensi mbili na kulirudia neno mwanzoni mwa ya pili.

Kuhesabu. Mtu alimuuliza Mtume ni nani anayestahiki zaidi usuhuba wake mwema. Akajibiwa: mama yako. Kisha nani? Mama yako. Kisha nani? Mama yako. Kisha nani? Baba yako. Tatu ile ndiyo maana yenyewe, na mfasiri hana ruhusa ya kuifanya mbili.

Kutundika neno moja kwenye kigingi tofauti kila mara. Suratur Rahman inarudia fabiayyi aalaai rabbikuma tukadhibaan, "basi ni ipi katika neema za Mola wenu mnayoikanusha?", mara 31. Wafasiri wa kale walieleza kwamba kila moja inashika neema iliyotangulia, kwa hiyo swali ni jipya ingawa maneno ni yaleyale. Wanabalagha wana jina la mtindo unaokaribiana na huu, tardid, na sisi tumechukua kutoka mzizi huo neno uradidi, yaani kulirudia neno lilelile kama polepole.

Kutofautisha, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Fainna ma'al usri yusra, inna ma'al usri yusra. Al-usr, uzito, ina al- ya umaalumu mara zote mbili; yusr, wepesi, haina. Kanuni mashuhuri ya wanalugha, yenye vighairi vyake, ni kwamba nomino maalumu ikirudiwa ni ileile, isiyo maalumu ikirudiwa ni nyingine. Ndipo ukaja ule msemo kwamba uzito mmoja hautashinda wepesi mbili. Kiswahili hakina al-, na kwa hiyo tafsiri ya "pamoja na uzito upo wepesi" ikirudiwa mara mbili inasomeka kama msisitizo mtupu. Katika andiko sigusi. Katika maelezo naandika "uzito huohuo" na "wepesi mwingine", maana huohuo na mwingine ndizo zana tulizonazo.

Na ipo kazi ya kuthibitisha. Az-Zarkashi, aliyefariki Cairo mwaka 1392, ananukuu: al-kalamu idha takarrara taqarrara, neno likirudiwa huthibiti. Sikiliza vitenzi viwili hivyo, vinatofautiana kwa kaf na qaf tu. Msemo wenyewe unafanya unachokisema. Kwa Kiarabu, kurudia jambo mbele ya watu kwa sura zinazofanana ni njia ya kulithibitisha, sawa na anayepanga ushahidi. Anayesubiri takwimu na "kwa sababu" atadhani hoja haijaanza, kumbe inakaribia kwisha.

Kazi nyingine zinatokana na tukio. Tarehe 26 Julai 1956, mjini Alexandria, Gamal Abdel Nasser alilirudia jina la Ferdinand de Lesseps, Mfaransa aliyeongoza uchimbaji wa Mfereji wa Suez, katika hotuba yake mara nyingi kuliko simulizi ilivyohitaji. Jina hilo lilikuwa ishara kwa kikosi cha Mahmoud Younis kuingia na kuzitwaa ofisi za Kampuni ya Mfereji wa Suez, na alilirudia ili lisije likawapita masikioni. Kabla ya kufasiri hotuba yoyote, jua ilisemwa wapi na nani alikuwa anasubiri nini.

Hatua ya 5: Sasa pima, lipi la kubaki na lipi la kuondoka

Waarabu wenyewe walibishana sana juu ya mpaka huu, na ni vizuri uwasikie kabla ya kuhukumu. Al-Jahiz wa Basra, karne ya 9, anasimulia kisa cha Ibn as-Sammak, mtoa mawaidha. Alikuwa akizungumza huku kijakazi wake akimsikia. Alipomaliza akamuuliza, umeyaonaje maneno yangu? Akasema, mazuri mno, laiti usingeyarudia sana. Akamjibu, nayarudia ili asiyeelewa aelewe. Yule mwanamke akasema: mpaka asiyeelewa aelewe, aliyeelewa atakuwa ameshachoka.

Sijapata kipimo bora kuliko hicho. Jiulize ni nani anayesikiliza, na yuko wapi katika safari ya kuelewa.

Ibn Rashiq wa Kairouan, karne ya 11, alikuwa mkali: neno likirudiwa kwa maana mpya ni sawa, lakini neno na maana vikirudiwa pamoja, huko ni kufeli hasa. Diya ad-Din Ibn al-Athir, aliyefariki mwaka 1239 (si yule ndugu yake mwanahistoria), alikuwa na macho mapana zaidi. Aliigawa takriri mafungu mawili, ya neno na maana kwa pamoja, na ya maana peke yake. Kisha katika kila fungu akaona yenye faida na isiyo na faida. Mimi nasimama na Ibn al-Athir. Hakuna namna ya takriri iliyo mbaya kwa kuzaliwa. Iliyo mbaya ni ile ambayo ukiiondoa hakuna kinachotikisika: wala mdundo, wala hesabu, wala uzi, wala hisia. Hiyo iondoe bila huruma. Makala nyingi za magazeti ya leo zina jozi zilizochakaa, na kuzifasiri zote ni kumchosha yule aliyeelewa.

Hatua ya 6: Hamisha kazi, usihamishe maneno

Kiarabu hujirudia mkiani, Kiswahili hujirudia kichwani. Viambishi vya kitenzi na ngeli zetu hufanya mwanzoni mwa neno kazi ambayo kwa Kiarabu hufanywa na viishio. Ukishalijua hili, nusu ya matatizo ya saj' yanalegea.

Tazama al-Jahiz anavyomwombea dua msomaji mwanzoni mwa kitabu chake cha wanyama: jannabaka llahu sh-shubha, wa asamaka mina l-hayra... wa habbaba ilayka t-tathabbut, wa zayyana fi aynika l-insaf, wa adhaqaka halawata t-taqwa. Ile -ka, "wewe", inapiga kama ngoma. Kwa Kiswahili: "Mwenyezi Mungu akuepushe na utata, akukinge na bumbuazi... akupendezeshee kuhakikisha, akupambie uadilifu machoni pako, akuonjeshe utamu wa uchamungu." Sikuongeza kitu. Ile aku- imekuja yenyewe, na ngoma imerudi, ila sasa inapigwa upande wa pili.

Unapohitaji kina mwishoni, tumia -ye ya urejeshi. Chukua kifungu hiki nilichokitunga kwa mtindo wa wahariri wa magazeti: inna hadhihi l-ummata lan tamut, lan tamuta wa fiha man yaqra', wa lan tamuta wa fiha man yaktub, wa lan tamuta wa fiha man yaqulu li-dhalimi: ya dhalim. Nitaandika: "Umma huu hautakufa. Hautakufa na ndani yake yumo asomaye, hautakufa na ndani yake yumo aandikaye, hautakufa na ndani yake yumo amwambiaye dhalimu: ewe dhalimu." Neno linarudi, muundo unarudi, -ye inatoa kina, na mwisho unakatika ghafla kama ulivyokatika kwa Kiarabu.

Jozi za visawe zina njia tatu. Ziache zote mbili kama Kiswahili kina jozi iliyokwisha kuzoeleka. Zichanganye, neno lenye asili ya Kiarabu na la Kibantu, kama dhuluma na uonevu, ambapo la pili linamfafanulia asiyelijua la kwanza. Au zigeuze kuwa uradidi: bi-shaklin wadihin wa jaliyyin, maneno mawili ya Kiarabu, kwa Kiswahili ni waziwazi, basi. Hiyo ndiyo hamisho ninayoipenda, takriri ya maana kugeuka takriri ya neno, na ukurasa ukapungua bila kupungukiwa.

Marudio ya mgawanyo hayana shida: saffan saffan ni safu safu, shay'an fa shay'an ni kidogo kidogo, na kitabu kilichosomwa baban baban kimesomwa mlango kwa mlango.

Hatua ya 7: Jihadhari na mitego ya kwetu

Kiswahili kinapolirudia neno, wakati mwingine kinalidhoofisha. Baidan baidan ni mbali mno. "Mbalimbali" ni tofauti tofauti. Mfasiri aliyeandika kwamba msafiri alikwenda nchi mbalimbali wakati mwandishi alimpeleka nchi ya mbali mno amempoteza msafiri. Baridi baridi ni ubaridi kidogo. Chai ya majimaji si chai yenye maji mengi ya kusifiwa. Aliyelialia hakulia sana, alilia kwa vipindi, pengine kwa kudeka. Kiarabu kikisema baka thumma baka, shika -ka- ya masimulizi: alilia, akalia, akalia tena.

Mtego mwingine ni "kuja alikuja". Unafanana sana na maf'ul mutlaq na unamvuta mfasiri, lakini sikio la Mswahili likisikia "kulipa amelipa" linasubiri "lakini". Usiuweke mahali pa uthibitisho mtupu.

Hatua ya 8: Msomee mtu asiyejua Kiarabu

Mtafute mtu mmoja, mwenye subira, asiye na haja ya kukupendeza. Msomee tafsiri yako bila kumwonyesha karatasi. Usimuulize kama ameelewa. Mtazame uso. Atakapoanza kuangalia simu, weka alama kwenye mstari huo: rudio hilo limechelewa. Atakapoanza kuitikia kwa kichwa kabla hujamaliza sentensi, au akakumalizia mwenyewe maneno ya mwisho, weka alama ya namna nyingine, na usiruhusu mhariri yeyote auguse mstari huo.